Kupoa Bila Kupooza

SWALI: Shikamoo dada. Mimi ni baba wa watoto watatu, nina miaka 44, ninaishi Kaloleni hapa Arusha na nina duka la vipuri vya pikipiki. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 hakuna aliyekuwa hanijui kuanzia Ngarenaro hadi Stendi Ndogo. Nilikuwa konda wa kifodi, suruali ya mlegezo, buti za Timberland, kofia nimeigeuza nyuma. Chalii mkali, si kwa kujisifu. Leo mwanangu wa kidato cha nne ananiambia: "Baba, ukija kwenye mahafali usivae hiyo kofia, na usiniite 'mwana' mbele ya wenzangu." Nikamuuliza, kwani kwenu mtu mkali ni nani? Akanitajia kijana mmoja fundi simu, mpole, hata kuongea haongei, na shati lake la bluu lilelile kila siku. Nimeduwaa. Hivi ni nini hasa humfanya mtu awe mkali machoni pa watu? Kwa nini kinabadilika hivi? Na kwenye mahafali nivae nini?

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Nilicheka niliposoma barua yako, kisha kicheko kikakatika. Kifungua mimba wangu aliwahi kuniomba nimshushe kabla hatujafika geti la shule ili wenzake wasilione gari letu, na mwaka huohuo nilikuwa nikifundisha watu wazima saikolojia ya vijana. Kwa hiyo najibu kama mtaalamu, lakini pia kama mama aliyekwisha kushushwa cheo na mtoto wa miaka kumi na mitano.

Tuanze na majina, maana yana ushahidi ndani yake. Wewe umesema "chalii mkali". Waliokutangulia walisema "brazameni" na "bitozi". Waliokufuata wakaja na "bishoo", halafu "sharobaro", na siku hizi nasikia "mwamba". Mengi ya majina hayo yalianza kama sifa yakaishia kuwa kebehi. Hebu mwite mwanao sharobaro uone atakavyokutazama. Mengine yamepanda ngazi. Msela asili yake ni baharia tu. Mhuni, kwenye ofisi ya serikali ya mtaa, bado ni shutuma, ila kijiweni mtu akiita "wahuni wangu" wanaitika huku wanacheka.

Neno moja limekaa miaka mingi bila kuchuja: poa. Homa hupoa, uji hupoa, hasira hupoa, na mambo nayo huwa poa. Wanaozungumza Kiingereza wana picha hiyohiyo ya ubaridi katika neno lao "cool", na historia yake inafaa kuijua. Anayetajwa mara nyingi kuwa aliieneza maana hiyo ni Lester Young, mpiga saksofoni Mmarekani mweusi aliyefariki mwaka 1959, mtu aliyevaa miwani ya jua hata usiku ukumbini. Usidhani zilikuwa mbwembwe. Katika nchi ambako mtu mweusi akionyesha hasira angeweza kupoteza kazi au uhai, uso uliotulia ulikuwa ngao. Mwaka 1973 mwanahistoria wa sanaa Robert Farris Thompson aliandika kuhusu neno itutu la Wayoruba wa Nigeria, yaani ubaridi na utulivu wa tabia, akaonyesha kwamba weusi wa Marekani walikuwa na asili ya jambo hilo Afrika kabla halijafika kwenye matangazo ya biashara.

Kiswahili kina ujanja wake hapa. Kuwa poa ni sifa, lakini mtu akikuuliza "mbona umepoa leo?" anataka kujua kama unaumwa au umefiwa. Ukivuka hapo unafika kwenye kupooza, na huko hakuna anayekutaka. Mtu poa, basi, hajazimika. Bibi yangu kule Uru alikuwa akifukia kaa la moto kwenye majivu kila usiku. Ukiangalia mafiga asubuhi ungeapa yamekufa, lakini yeye alipuliza mara mbili tu, chai ikachemka.

Niruhusu nikusimulie habari ya kaka yangu. Tulikuwa tunaishi Majengo, Moshi, na mwaka ni 1979. Mpaka na Kenya ulikuwa umefungwa tangu 1977, haukufunguliwa hadi mwishoni mwa 1983. Nchi iko vitani na Amin, duka likiwa na sabuni wiki hii, wiki ijayo halina. Nguo na viatu vya maana vilipita njia za panya kutoka Taveta, na aliyevivaa alionyesha kwamba ana pesa, ana roho ngumu na ana ndugu upande wa pili. Kaka akapata viatu vya raizoni. Soli nene kama tofali, rangi ya kahawia, na juu yake suruali ya bugaluu iliyofagia barabara. Tulimsikia ko-ko-ko kabla hatujamwona.

Masika ya mwaka ule, karibu na soko la Mbuyuni, akateleza mbele ya kina mama wauza ndizi. Alikwenda chini kwa mgongo na mkungu mmoja ukamfuata. Soko likanyamaza. Mtu wa mbwembwe akianguka, kila mmoja husubiri aone kitakachofuata. Angeweza kumfokea mwenye ndizi. Angeweza kuinuka na kutimua mbio. Yeye akabaki amekaa kwenye tope, akavua kiatu kimoja, akakikung'uta kama mtu anayetafuta kokoto, halafu akamwinulia macho yule mama: "Shikamoo mama. Hizi unauzaje?" Akaununua mkungu uleule uliomwangukia, akautwika kichwani, viatu mkononi, akarudi nyumbani pekupeku huku soko zima likimcheka naye akicheka. Tangu siku ile watu walianza kumwita kwenye mambo yao: kusindikiza posa, kuamua ugomvi wa mpira, kumpeleka mgonjwa hospitali usiku. Mama yetu, aliyeifua ile bugaluu, ndiye peke yake ambaye hakuvutiwa.

Humo kuna vitu viwili ambavyo watu huvichanganya, na nadhani wewe pia umevichanganya. Kuna kitu anachokuwa nacho mtu, na kuna namna anavyokibeba.

Kile anachokuwa nacho ndicho kinachobadilika, tena kwa sababu zinazoeleweka. Machoni pa watu hung'aa yule mwenye kitu ambacho wakati huo hakipatikani kirahisi. Mwaka 1979 kigumu kilikuwa kiatu chenyewe. Mwaka 1985 akaingia Mzee Mwinyi na ruksa yake, mitumba ikamwagika, na kabla ya miaka mingi kuvaa vizuri hakukuwa tena habari. Habari ikawa jicho: nani anajua kuopoa ile moja kwenye rundo pale belo linapofunguliwa? Mwaka 1994 televisheni ikaanza Tanzania Bara, na hapo kigumu kikawa kujua. Nani amewaona vijana wa New York wanavyovaa, nani ana kaseti mpya, nani anakariri mistari yote bila kujikwaa. Hicho ndicho kipindi chako. Ulikuwa unaning'inia mlangoni mwa kifodi, ukisafirisha nyimbo, misemo na mitindo kutoka mjini kati hadi Sakina, na kila abiria alikuwa anajifunza kwako hata kama alijifanya anatazama dirishani. Zile buti zilikuwa cheti tu.

Mwanao anayajua yote hayo kabla hajamaliza chai ya asubuhi. Simu imemletea. Kujua hakumpi mtu hadhi tena, na kujionyesha ndiyo kabisa, maana kila mtu anajionyesha bure kutwa nzima. Katika hali hiyo kilicho adimu ni mtu asiyeomba kutazamwa, na ambaye mikono yake inaweza jambo.

Nilikwenda kuhakikisha. Fundi wa mwanao simjui, lakini simu yangu ilikuwa inapoteza picha, nikaipeleka kibanda kimoja jirani na Soko Kuu. Mbele yangu alikuwapo bwana mmoja mwenye mkufu, anaongea ili watu wa ng'ambo ya barabara wasikie: "Dogo, nibadilishie kioo, nina haraka, pesa si tatizo." Fundi hakuinua uso. Akafungua, akachukua mswaki uliochovywa kwenye thina, akasugua sehemu ndogo kama punje ya mchele, akapuliza, akabonyeza kitu kwa ncha ya kibano, akawasha. Picha ikarudi. "Kioo ni kizima, mzee. Fleksi ilikuwa imeachia. Elfu tano." Yule bwana akang'ang'ania awekewe kioo kipya. Fundi akasema taratibu, "Nikikuwekea utakuwa umepoteza hela," akamrudishia simu na kunyoosha mkono kuchukua yangu. Kwenye benchi walikaa vijana watatu wa sare za shule ambao hawakuwa na simu ya kutengeneza hata mmoja. Mmoja akamnong'oneza mwenzake neno moja: "Noma."

Utafiti nao upo. Mwaka 2025 ulichapishwa mmoja mkubwa ulioongozwa na Todd Pezzuti, mtafiti aliyeko Chile. Watu karibu 6,000 wa nchi 12, za Afrika zikiwa Nigeria na Afrika Kusini, waliombwa kumfikiria mtu wanayemjua, ama aliye poa au asiye poa, ama mwema au asiye mwema, kisha waeleze tabia zake. Kwa mtu poa sifa sita zilijirudia nchi hadi nchi: mchangamfu, mpenda raha, mwenye ushawishi, mthubutu, aliye tayari kupokea mambo mapya, na anayejiamulia. Mtu mwema akapewa zake: anashika desturi, ana upendo, ni mwangalifu katika kazi, ni mtulivu. Umeona? Utulivu uliangukia kwenye wema. Nina kinyongo kidogo na matokeo hayo. Walioshirikishwa ni watu waliolifahamu lile neno la Kiingereza lenyewe, kwa hiyo tumepewa picha ya vijana wa simu duniani kote, bibi yangu wa Uru hayumo. Hata yule fundi wa Soko Kuu hafiki sita. Huo uchangamfu autoe wapi? Lakini ile ya mwisho anayo tele: anajiamulia, hata mbele ya mteja mwenye mkufu.

Mmoja wa watafiti hao, Caleb Warren, alikwisha kuonyesha mwaka 2014 pamoja na Margaret Campbell kwamba huko kujiamulia kuna kipimo. Ukivunja desturi kidogo, hasa ile ambayo watu wenyewe wanaiona haina maana, unaonekana poa. Ukipitiliza, wanakuona umechanganyikiwa.

Na kipimo hicho husogea. Mkoa wetu huu una mfano ambao vijana wengi hawajausikia. Mwaka 1967 na 1968 viongozi waliendesha kampeni ya kuwataka Wamaasai waache rubega na kujipaka rangi nyekundu, wavae suruali na mashati kama dalili ya maendeleo. Kabla mwaka 1968 haujaisha, Umoja wa Vijana wa TANU ukatangaza kwamba kuanzia Januari 1969 vimini, mawigi na suruali za kubana ni marufuku Dar es Salaam. Yaani huku mtu anaambiwa vaa suruali, kule mwingine anaambiwa suruali hiyo hapana! Leo mabwana harusi wa Njiro wanatupia rubega juu ya suti. Na kabla ya hao, kundi la X Plastaz la hapahapa Arusha lilikuwa limepanda jukwaani na mwimbaji wa Kimaasai ndani ya rubega yake, likafika nalo hadi Ulaya. Wewe konda wa enzi hizo nina hakika kaseti zao zilipigwa kwenye gari lako. Nguo ni ileile iliyokatazwa, na nadhani kukatazwa kule kuliisaidia. Kitu kilichowahi kumgharimu mtu huwa na uzito ambao cha dukani hakina.

Pesa? Pesa inasaidia, tusidanganyane, ila inasaidia kwa muda. Unakumbuka wana-Apolo, wale wachimbaji wa tanzanite wa Mererani, walivyokuwa wakitoka na jiwe miaka ya tisini: bia kwa kila meza, na hadithi za mtaani za mtu anayekodi teksi mbili, moja yake na nyingine ya kofia. Mji uliwashangilia usiku na kuwasengenya asubuhi. Kiswahili kina jina la hali hiyo, ulimbukeni, na kina methali ambayo mama yangu asingependa niiandike hapa: masikini akipata, matako hulia mbwata. Halafu Juni 2020 akatokea Saniniu Laizer, mchimbaji mdogo wa Simanjiro, akauza serikalini mawe mawili ya tanzanite kwa zaidi ya Sh bilioni 7.7. Alisimama mbele ya kamera na rubega yake, akazungumzia kuchinja ng'ombe na kujenga shule. Nchi nzima ilimpenda mtu ambaye bilioni zilimkuta na hazikumtikisa hata sauti. Kule Moshi mtihani huu hufanyika kila Desemba. Magari kutoka Dar yanapanda kuelekea Marangu na Kibosho, na wazee walioketi barazani wanajua lipi ni la mtu na lipi la kukodi kabla halijazimwa.

Sasa turudi kwa mwanao na hilo neno "mwana". Umri wake ni umri wa kujenga uzio. Misemo ya vijana ni mali yao, karibu mali pekee ambayo hawakupewa na mzazi, na thamani yake yote iko kwenye kwamba wewe hauna. Ukiitumia umeingia chumbani mwao bila hodi. Wanachofanya ni kuhama: wanatunga neno jingine, na wewe unabaki umeshika funguo za nyumba iliyokwisha hamwa. Ndiyo maana misimu huzeeka upesi kuliko viatu. Na wewe ulimfanyia hivyohivyo mzee wako, kama utakuwa mkweli.

Nikuongezee jambo moja litakalokupa usingizi. Nchini Marekani Joseph Allen na wenzake waliwafuatilia vijana 184 tangu wakiwa na miaka 13 hadi 23, wakachapisha matokeo mwaka 2014. Waliokuwa mashuhuri wakiwa na miaka 13 kwa kujitia ukubwa, mapenzi ya mapema, utundu, kuchagua marafiki kwa sura, walipofika miaka ya ishirini na kidogo walikuwa wameporomoka machoni pa wenzao, na walipata shida zaidi za pombe, bangi na polisi. Kinachomshangaza mtoto wa miaka 13 hakimshangazi mtu wa 22. Kwa hiyo mwanao anapomheshimu fundi mwenye shati moja badala ya yule anayevuta sigara nyuma ya choo cha shule, mimi ningekaa kimya nishukuru.

Wewe binafsi hujapoteza kitu, ila umeng'ang'ania cheti wakati kazi unayo. Nimeuliza kidogo kuhusu maduka ya vipuri. Mtu anayeweza kusikiliza pikipiki ikiunguruma nje na kusema "hiyo ni cheni, usifungue injini" ana kitu ambacho mtoto wa kidato cha nne hawezi kukipata kwenye simu. Tatizo ni ile hadithi ya 2001 unayoifuatisha baada ya kusema hivyo. Ninakisia tu, lakini barua yako imenionyesha.

Mahafali, basi. Shati lililopigwa pasi, suruali ya kitambaa, viatu vilivyopakwa kiwi, kofia ibaki nyumbani. Mwite majina yake yote mawili, kama mwalimu atakavyoyasoma. Salimia walimu, kaa na wazazi wenzako, usimkimbilie na simu kumpiga picha katikati ya wenzake. Atakuja mwenyewe, na atakuja nao. Kati yao hawatakosekana wawili wenye pikipiki ya nyumbani inayosumbua. Wakikuuliza, jibu la pikipiki, kisha nyamaza.

Na zile suruali za mlegezo, kama bado ziko sandukuni, usizigawe kwa hasira. Jumamosi iliyopita sokoni Kilombero nilimwona binti wa kama miaka kumi na minane akiivuta moja pana ya namna hiyo kutoka kwenye rundo, akaipima kiunoni juu ya sketi yake, akabishana bei hadi elfu kumi na mbili. Mwanao akija kuziomba, mpe, na umwonyeshe pindo linavyokunjwa lisiburute kwenye tope.